Kukadiria Ardhi Iliyoondoka: Kufundisha Mmomonyoko wa Barafu za Kale kwa Mifano ya Karatu na Ngorongoro

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa mkulima wa upande wa Rhotia, aliwahi kuandika katika daftari lake sentensi mbili zilizonifanya niyatazame upya mafundisho yangu ya muhula mzima. Ya kwanza ilisema kwamba nchi za kaskazini mwa Ulaya zilichongwa na barafu kwa kina cha zaidi ya mita 1,000. Ya pili, katika swali jingine kabisa, ilisema kwamba shamba la baba yake halina mmomonyoko kwa sababu halina korongo. Nilizitia alama ya kosa zote mbili nikaendelea na madaftari mengine. Ilinichukua muda kutambua kwamba yale hayakuwa makosa mawili bali moja, na kwamba kosa hilo nilimfundisha mimi.

Nilimfundisha kwa picha. Katika somo la barafu nilikuwa nimechora ubaoni fiodi ya Norway, lile bonde refu lenye kuta za mwamba ambalo bahari imeingia ndani yake, nikataja kwamba Sognefjord ina kina cha mita 1,300 hivi chini ya usawa wa bahari. Katika somo la udongo nilikuwa nimewapeleka wanafunzi kutazama korongo nyuma ya kijiji. Mara zote mbili nilionyesha jeraha lililo wazi, wala sikuuliza habari za ngozi iliyozunguka jeraha hilo. Mtoto akafahamu, kwa haki kabisa, kwamba kina cha jeraha ndicho kiasi cha mmomonyoko, na kwamba pasipo na jeraha hapakuondoka kitu.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi somo la mmomonyoko wa barafu za kale linavyoweza kufundishwa katika shule zilizo mbali na barafu, kwa kuanzia na ardhi ambayo wanafunzi wanaikanyaga. Mifano imechukuliwa Karatu na Ngorongoro, lakini mwalimu wa Lushoto au wa Kondoa hatakosa mifano yake.

Maswali matatu kabla ya tarakimu

Kukadiria kilichoondoka ni kazi ya ajabu kidogo, kwa kuwa kinachopimwa hakipo. Kwa sababu hiyo yafaa wanafunzi wazoezwe kuuliza maswali matatu kabla ya kuandika tarakimu yoyote. Ardhi ilifika wapi hapo zamani, na alama gani inatuonyesha? Kilichoondoka kimekwenda wapi? Na kiasi hicho, kikitandazwa juu ya eneo lote, kinakuwa na unene gani? Swali la nne, la muda, huja lenyewe mara tatu hizi zikijibiwa.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Kreta ya Ngorongoro, kwa sababu hapo jibu la haraka ni potofu. Kreta hiyo ina upana wa kilomita 19 hivi, sakafu ya kilomita za mraba zipatazo 260, na kuta zenye kimo cha mita 600 hivi. Mwalimu awape wanafunzi tarakimu hizo pamoja na umri wake, yaani takriban miaka milioni 2, kisha awaulize mmomonyoko umeondoa kiasi gani. Wengi watazidisha bila kusita: 260 mara 0.6 ni kilomita za ujazo 156. Wengine wataendelea kugawanya kwa miaka milioni 2 na kupata kiasi cha kila mwaka, wakipiga mstari chini ya jibu.

Hapo ndipo mwalimu aulize swali la pili: mawe hayo yote yalipitia wapi? Darasa litazame ramani. Kreta imezungukwa na kuta pande zote, wala hakuna mto unaotoka. Kijito cha Munge huingia kutoka Olmoti, na maji huishia katika ziwa la magadi lililo chini. Mzigo wa kilomita za ujazo 156 hauwezi kupotea bila njia. Basi shimo lile halikuchimbwa na maji wala upepo. Mlima wa volkano uliokuwapo ulididimia baada ya uji wa mawe uliokuwa ukiutegemeza kutoka chini yake, na kwa hiyo kaldera ile ni paa lililoporomoka ndani ya nyumba. Tena, kwa kuwa kuta zinamomonyoka na kijito kinaleta mashapo, kiasi fulani cha shimo kimekwisha kujazwa, kwa hiyo mmomonyoko hapo umepunguza kina badala ya kukiongeza.

Olmoti iliyo jirani ni mfano wa kulinganisha. Hiyo nayo ni kaldera, lakini ukuta wake una mwanya, na Munge hupita mwanyani na kuanguka kwa maporomoko. Hapo mzigo una njia, na tunajua ulikokwenda. Sikupata mfano mwingine ulio mwepesi kuliko huu wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba hesabu ya kilichotoka haina budi kulingana na hesabu ya kilichofika.

Korongo na mgrevilea

Sehemu ya pili ya somo hufanyika nje, nayo ndiyo yenye kudai muda mwingi. Vifaa ni kamba iliyofungwa mafundo kila mita, rula ya darasani, vigingi na daftari. Mwalimu achague shamba moja la mteremko lenye korongo dogo na lenye miti ya zamani kidogo mpakani. Aombe ruhusa ya mwenye shamba mapema, na kama yumkini amwombe awepo, kwa maana atahitajika.

Wanafunzi watakimbilia korongo. Waachwe wakimbilie. Walipime urefu, upana wa juu na kina mahali pengi kadiri iwezekanavyo, kisha watafute wastani. Tuchukue mfano wa korongo lenye urefu wa mita 40, upana wa mita 2 na kina cha mita 1.5, lenye umbo la herufi V. Ujazo wake ni 40 mara 2 mara 1.5, gawanya kwa 2, yaani mita za ujazo 60. Hapa alama ya ardhi ya zamani ni dhahiri: kamba ikivutwa kutoka ukingo hadi ukingo inaonyesha usawa wa uso ulivyokuwa. Wanafunzi huliona jambo hili kuwa kubwa, na kwa mkulima ambaye ng'ombe wake wamekatiwa njia, ni kubwa kweli.

Kisha waongozwe kwenye mti. Tuseme ni mgrevilea uliopandwa miaka 30 iliyopita, na mizizi yake mikuu sasa imesimama juu ya udongo kwa sentimita 12. Mizizi haioti hewani. Iliota ndani ya udongo, na udongo uliokuwa umeifunika umeondoka. Mti umekuwa kigingi ambacho hakuna aliyekusudia kukipigilia. Iwapo shamba lote limeshuka kwa kiasi hicho, na ukubwa wake ni hekta moja, basi 0.12 mara 10,000 ni mita za ujazo 1,200. Korongo lililotushangaza lilitoa 60. Sehemu iliyoonekana haina jeraha imetoa mara 20 zaidi.

Mwalimu asiruhusu darasa lishangilie jibu hilo upesi. Alama ya mizizi ina udanganyifu wake, na kuufichua ni sehemu ya somo. Mzizi hunenepa, na unaponenepa hujiinua hata kama udongo haukuondoka. Kwa upande mwingine, mzizi ulianza sentimita kadhaa chini ya uso, wala si juu yake, kwa hiyo kipimo huweza pia kuwa pungufu. Udongo hukusanyika upande wa juu wa shina na kuchimbwa upande wa chini, basi atakayepima upande mmoja atapata jibu la upande mmoja. Tena mti wa mpakani umesimama mahali ambapo watu na mifugo hupita, nayo njia humomonyoka kuliko shamba. Dawa ni kupima miti mingi, pande zote, na kuandika kipimo kidogo kabisa na kikubwa kabisa badala ya jibu moja. Hata tukikata nusu ya kipimo chetu kwa kuogopa makosa hayo, zinabaki mita za ujazo 600, na hizo bado ni mara 10 ya korongo.

Umri wa mti utatoka kwa mwenye shamba. Wazee wengi hawatataja mwaka, bali watataja jambo: kabla ya Azimio la Arusha la 1967, wakati wa Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970, mwaka Karatu ilipojitenga na Mbulu na kuwa wilaya. Mwanafunzi apewe kazi ya kulinganisha matukio hayo na miaka. Mzee wa Kiiraqw ambaye ukoo wake ulihama kutoka nchi ya Kainam huenda akaeleza pia jinsi walivyokuwa wakitengeneza matuta na kulaza majani mteremkoni. Hilo si la kupuuzwa kuwa ni hadithi ya pembeni, kwa maana linaeleza kwa nini mteremko mmoja ulishuka na mwingine ukabaki.

Swali la pili nalo liulizwe hapo hapo: udongo umekwenda wapi? Baadhi yake umekwama kwenye ua wa katani na chini ya mteremko, ambako chembe za udongo mwekundu zimefunika shina la mti mwingine. Uliosalia umeshuka na vijito, na sehemu ya maji ya nyanda hizi huishia Ziwa Manyara. Uchunguzi wa mashapo ya ziwa hilo uliofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Plymouth cha Uingereza pamoja na wenzao wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha umeonyesha kwamba kasi ya kujaa kwa mashapo imeongezeka katika muda wa miaka 120 hivi iliyopita. Ziwa ni daftari la upande wa pili, ambamo kilichotoka milimani huandikwa kuwa kimepokewa.

Olduvai: jeraha lenye tarehe

Korongo la Olduvai, ambalo jina lake la Kimaasai ni Oldupai, linaweza kufundishwa kwa ufupi, hata kwa picha tu, kwa kuwa si shule nyingi zenye uwezo wa kusafiri. Faida yake ni kwamba alama zake zina umri. Tabaka za majivu ya volkano zinaonekana kwenye kuta zote mbili za korongo kwa mpangilio ule ule, kama kurasa za kitabu kilichopasuliwa katikati, na majivu hayo yamepimwa umri kwa maabara. Kwa hiyo tunajua kwamba ardhi iliunganika hapo zamani, na tunajua takriban lini ilianza kukatwa. Korongo lina kina cha mita 90 hivi. Tukichukua kwamba mto ulianza kukata yapata miaka 400,000 iliyopita, wastani ni chini kidogo ya robo ya milimita kwa mwaka. Mzigo ulishuka katika bonde la Olbalbal, na kushuka kwa bonde hilo kwa sababu ya nyufa za ardhi ndiko kulikoupa mto nguvu ya kuchimba.

Jambo ambalo wanafunzi hawana budi kuliona katika picha si korongo lenyewe bali tambarare iliyo kando zake. Hatua chache kutoka ukingoni uwanda umelala. Atakayesema kwamba uwanda wa Serengeti umepoteza mita 90 atakuwa amesema neno sawasawa na la yule mwanafunzi wangu aliyesema kwamba Ulaya ya kaskazini ilipoteza mita 1,000.

Sasa barafu

Kwa maandalizi hayo darasa liko tayari kwa barafu. Mwalimu aanze na Kilimanjaro, ambao kila mtoto ameuona japo kwenye noti au kalenda. Mwaka 1912 barafu yake ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Ilipofika mwaka 2007 zilibaki chini ya 2. Lakini chini zaidi mlimani yako matuta ya mawe yaliyosukumwa na kuachwa na barafu ya zamani iliyokuwa kubwa kuliko zote hizo. Matuta hayo yanaitwa moreni, nayo ndiyo ushahidi kwamba barafu hubeba mzigo.

Ifahamike wazi kwamba barafu peke yake si patasi. Barafu iliyogandamana na mwamba chini yake haitelezi, na isiyoteleza haisugui. Panapokuwa na maji chini yake huteleza, na mawe yaliyonaswa ndani yake ndiyo yanayokwangua na kung'oa. Kwa hiyo barafu moja, siku moja, huweza kuchimba bonde na papo hapo kukilinda kilima kilicho jirani kama blanketi. Wanafunzi waliokwisha kuona shamba na korongo lake hawatashangaa.

Hapa mwalimu atumie mjadala wa kweli wa wataalamu, kwa sababu hakuna kitu kinachowaamsha wanafunzi wa kidato cha tatu kama kujua kwamba wakubwa nao hubishana. Sehemu kubwa ya Kanada iliwahi kufunikwa na bamba la barafu, na bamba la mwisho lilifikia upeo wake yapata miaka 21,000 iliyopita. Mwaka 1972 Mmarekani W. A. White alitoa hoja kwamba mabamba hayo yalichimba kwa kina kikubwa, na kwamba ndiyo yaliyoufunua mwamba wa kale katikati ya nchi ile. Mwaka 1976 D. E. Sugden akapinga. Alitazama umbo la nchi na mabaki ya miamba ya mashapo ambayo bado imelala juu ya mwamba wa kale. Ikiwa mabaki hayo bado yapo, uso wa zamani hauwezi kuwa juu mno ya uso wa leo. Hiyo ni hoja ya mgrevilea: kuna kitu kilichobaki kinachoonyesha ardhi ilipofika.

Kisha mwaka 1985 Bell na Laine wakaja na swali la pili. Walikadiria mashapo yaliyosukumwa na barafu na maji yake hadi baharini, wakayarudisha kwa hesabu juu ya eneo yalikotoka. Wakapata wastani wa mita 120 hivi za mwamba. Hiyo nayo ni hoja ya Ziwa Manyara. Mwalimu awagawe wanafunzi katika pande mbili na kuwataka kila upande useme ushahidi wake una udhaifu gani. Waliopima shamba wataona wenyewe kwamba mabaki ya miamba yanaeleza mahali yalipo tu, ilhali mashapo ya baharini yanatoa jumla bila kueleza kila sehemu ilitoa kiasi gani.

Siku hizi iko alama ya tatu. Miale inayotoka anga za mbali hupiga mawe yaliyo juu ya ardhi na kuzalisha ndani yake chembe adimu za berili ya 10. Miale hiyo hufifia upesi mwambani, kiasi kwamba kwenye kina cha mita 2 au 3 karibu haina nguvu. Jiwe lililokaa juani muda mrefu hukusanya chembe nyingi. Barafu ikija ikalikwangua zaidi ya mita 3, hesabu hufutwa na kuanza upya. Lakini barafu ikiondoka na jiwe likakutwa lina chembe nyingi kuliko inavyostahili muda tangu barafu iyeyuke, basi barafu ilipita bila kuondoa kiasi hicho. Katika milima ya Cairngorm huko Uskoti yako mawe yaliyosimama kama vichuguu ambayo kwa njia hii yameonekana kuwa ya zamani kuliko barafu ya mwisho. Barafu ilipita juu yake, na mawe yakabaki yamesimama, ilhali mabonde ya jirani yalichongwa.

Bamba la barafu halikuwa jambo la ugenini peke yake. Yapata miaka milioni 300 iliyopita, nchi hii ilipokuwa sehemu ya bara la Gondwana, barafu ilifika hapa, na mashapo yake yanaonekana katika bonde la Ruhuhu kusini magharibi mwa Tanzania, yakijulikana kama Idusi. Kwa shule za Songea na Ludewa huo ndio mfano wa kuanzia. Kwa Karatu yatosha kuutaja.

Hesabu ya mwisho niliwahi kuifanya ubaoni bila kusema neno. Mita 120 za Bell na Laine, zikigawanywa kwa miaka milioni 3 hivi ya zama za barafu, ni asilimia 4 ya milimita kwa mwaka. Sentimita 12 za mgrevilea, zikigawanywa kwa miaka 30, ni milimita 4 kwa mwaka. Nikakaa. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema kwamba jembe la kijijini kwao linachimba mara 100 kuliko barafu ya Kanada. Mvulana akapinga: barafu haikuwapo miaka yote milioni 3, na pia miaka 30 ni muda mfupi mno, huenda mvua zake zilikuwa mbaya. Tena barafu ilikuwa ikisugua mwamba, si udongo. Ubishi ukaendelea mpaka kengele ilipolia, na sikuona haja ya kuuamua, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameshika alama yake na muda wake.

Kuhusu mpango wa vipindi, Ngorongoro na hesabu zake huchukua kipindi kimoja. Shamba huhitaji mchana mzima. Olduvai na barafu huenea vipindi vitatu. Mtihani usiulize tena kina cha fiodi. Mpe mwanafunzi mchoro wa mteremko wenye bonde, kilima, mti na ziwa, umtake aonyeshe alama anayoweza kuitumia kila mahali na kosa linaloweza kuingia.

Shule iliyo na shamba lake yaweza pia kupigilia misumari mirefu mteremkoni, kila mmoja ukivishwa kizibo cha chupa kilichotobolewa ili kionyeshe uso wa udongo. Kila mwisho wa masika kidato cha tatu kipime nafasi kati ya kichwa cha msumari na udongo, kiandike katika daftari moja lisilotoka ofisini, na kulikabidhi kwa kidato kinachofuata. Misumari iandikwe namba kwa rangi, tena iwe mingi, kwa maana watoto wataing'oa.